Kanoni Apolo na nyimbo zetu za Majilio

Majilio yanakaribia, na kwaya zetu hapa Nakivale bado zinavutana: Jumapili ya pili tuimbe kwa lugha ya nani? Katika mvutano huo tumemkumbuka Kanoni Apolo Kivebulaya.

Alikuwa Mganda, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akaenda Boga, ambayo leo iko Kongo. Ndugu zetu wa Ituri wanapajua. Huko aliteswa. Dada yake chifu Tabaro alianguka juu ya mkuki akafa, na lawama zikamwangukia Apolo. Alifungwa, akapelekwa Fort Portal. Alipoachiliwa alirudi Boga kule kule, na Tabaro mwenyewe baadaye akabatizwa.

Mwaka 1903 akawa kasisi. Uzeeni aliingia msituni kwa Wambuti, akawatafsiria Injili ya Marko kwa lugha yao. Injili hiyo inaanza na Yohana Mbatizaji nyikani, ndilo somo la Majilio!

Alifariki Boga mwaka 1933. Aliagiza azikwe akielekea magharibi, kwenye msitu, si Buganda kwao. Sisi tuliovuka mpaka kuja huku, jambo hilo linatugusa.

Basi tumekubaliana: Marko 1:1-8 itasomwa kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kibembe. Atakayekwenda Mbarara atutafutie Biblia ya Runyankore kwa ajili ya majirani zetu. Kila kwaya wimbo mmoja. Mazoezi ni Jumamosi saa nane. Ngoma ni moja tu, mfike mapema.