Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba Aliyeimba Hata Bombay



Katika kurasa zetu za maisha ya watu mashuhuri, mara hii tumeona vema kuwaletea habari za Siti binti Saad wa Unguja, mwimbaji wa taarab. Yamkini wako watakaouliza, mwimbaji wa taarab, tena Mwislamu wa visiwani, anatuhusu nini sisi wa Mirongo? Tunajibu kwamba anatuhusu sana. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, nao Wanyamwezi ni jirani zetu, na watu wengi wa mji huu wa Mwanza wana damu ya huko. Tena maisha yake yanatufundisha jambo ambalo kila mtaa na kila usharika hauna budi kulikumbuka: mtu tunayemdharau kwa sababu ya nguo yake na ukoo wake, pengine ndiye aliyepewa karama ambayo sisi hatunayo.

KUZALIWA KWAKE

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kando ya bahari, kusini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Saad, wa asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa wa asili ya Uzigua, upande wa Tanga. Walikuwa maskini, watu wa tabaka ya watumwa. Mtoto alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Hebu tufikiri kidogo juu ya jina hilo: kila alipoitwa kula, kila alipoitwa kuteka maji, alikumbushwa mahali pake katika dunia.

Wasomaji wetu wanajua kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kwamba palepale Mkunazini ndipo Askofu Edward Steere alipojenga kanisa kuu la Kristo, ambalo limesimama mpaka leo. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Watu waliokwisha kununuliwa waliendelea kuwa mali ya mabwana zao, na sheria ya kuondoa utumwa Unguja haikutolewa mpaka mwaka 1897. Wakati huo Siti alikuwa msichana mkubwa tayari. Na hata baada ya sheria hiyo, dharau haikwisha. Mtu wa asili ya utumwa alijulikana kwa kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi, na watu wa mjini walimpima kwa nguo hiyo.

KAZI YA UDONGO

Hakwenda shule. Alijifunza kazi ya kufinyanga vyungu, kama wanawake wengi wa shamba. Sisi wa kandokando ya Ziwa tunaijua kazi hii: kuchimba udongo, kuuponda na kuukanda, kuufinyanga kwa mkono, kuuanika, kisha kuuchoma, na vyungu vingine kupasuka motoni baada ya taabu yote hiyo. Vilivyosalia alivibeba kichwani akaenda kuviuza, mtaa kwa mtaa, shamba kwa shamba.

Yasemekana kwamba alikuwa akiimba njiani ili watu wapate kujua muuzaji amefika. Sauti yake ilikuwa na nguvu ya ajabu, ikasikika kwa mbali kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Watu wakatoka nje, wengine kwa ajili ya vyungu, na wengine, twaamini, kwa ajili ya kusikiliza tu. Hivyo shule yake ya kwanza ya uimbaji ilikuwa barabara, na ada yake ilikuwa mzigo wa kichwani.

KUINGIA MJINI

Mwaka 1911 aliacha shamba akahamia mjini. Wakati ule mji wa Unguja ulikuwa kama miji miwili. Upande mmoja ulikuwa mji wa mawe, wenye majumba ya ghorofa ya Waarabu, Wahindi na Wazungu. Upande wa pili wa hori ulikuwa Ng'ambo, wenye nyumba za udongo na makuti, makao ya waliokuwa watumwa, vibarua, na wageni kutoka bara. Siti alikuwa mtu wa Ng'ambo.

Huko mjini alikutana na mwanamuziki mmoja, Ali Muhsin, aliyeisikia sauti yake akatambua kwamba ni hazina. Akaanza kumfundisha. Alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, kushika mahadhi, na kutamka maneno ya Kiarabu sawasawa. Kumbukeni kwamba huyu mama hakujua kusoma. Alijifunza yote kwa kusikia na kushika moyoni, na alishika vizuri hata wenye lugha yao walistaajabu.

Hapa ni lazima tueleze kidogo habari za taarab yenyewe. Muziki huo uliingia Unguja katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Alileta wanamuziki kutoka Misri, akampeleka pia Mohamed bin Ibrahim huko Cairo akajifunze. Ulikuwa muziki wa jumba la kifalme, wenye udi, kanuni na fidla, nao uliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 watu wa mjini waliunda chama cha Ikhwan Safaa, nacho kilikuwa cha wanaume. Mwanamke, tena wa asili ya utumwa, kuketi mbele ya hadhara na kuimba taarab, lilikuwa jambo geni kabisa.

Lakini Siti aliketi, akaimba. Walimwalika watu wakubwa majumbani mwao, akaimba arusini, akaimba hata mbele ya Sultani. Ndipo lile jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi wa heshima. Wazazi walimpa jina la hali waliyokuwamo, na watu waliosikia sauti yake wakampa jina lingine.

KUNDI LAKE NA NYIMBO ZAKE

Hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na wenzake: Subeti Ambar, Mwalimu Shaaban, Budda Swedi na Mbaruku Effandi Talsam. Usiku walikusanyika nyumbani kwake Ng'ambo, wakafanya mazoezi, wakatunga, na majirani wakafika kusikiliza na kuzungumza mambo ya siku hiyo.

Katika mazungumzo hayo ndimo zilimozaliwa nyimbo zake zilizo bora. Maana Siti alifanya jambo kubwa kuliko kuimba vizuri: aliitoa taarab katika Kiarabu akaiimba kwa Kiswahili, ili mpishi, mchukuzi na mfinyanzi wapate kuelewa. Na alipoiimba kwa Kiswahili, aliimba juu ya mapenzi, ndiyo, lakini pia juu ya dhuluma. Aliimba habari za mtu mwenye nafasi aliyekula mali za watu wasiojua kusoma, mpaka naye akaishia kifungoni. Wimbo wake unaojulikana sana ni ule wa Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka akavuka bahari, na waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kuandika uchungu wao, wala wakili wa kuwasemea. Walikuwa na Siti.

Hebu tulipime jambo hili. Ni rahisi kwa mwimbaji kuwasifu wakubwa, maana wakubwa ndio wanaolipa. Yeye alialikwa kwenye majumba yao, akala chakula chao, kisha akarudi Ng'ambo akaimba neno ambalo watu wake walilihitaji. Hatuoni kwamba lilikuwa jambo dogo.

KWENDA BOMBAY

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimchukua Siti na kundi lake mpaka Bombay, Bara Hindi, kwenda kurekodi. Walisafiri kwa meli. Hapo mfinyanzi wa Fumba akawa mwimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri za namna hiyo. Kampuni ilishangaa kwa jinsi zilivyonunuliwa. Taarifa zasema kwamba kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri 72,000 za Siti na wenzake. Kwa wakati ule, ambapo gramafoni moja iliweza kuchezwa mbele ya mtaa mzima, hesabu ya wasikilizaji ilizidi mno hesabu ya santuri.

Mwaka huo wa 1928 unakumbukwa Mwanza kwa sababu nyingine: ndio mwaka reli kutoka Tabora ilipofika hapa kwetu. Mwaka mmoja ulileta treni ziwani na ukaleta sauti ya Kiswahili kwenye santuri. Tangu hapo bidhaa za pwani zilipanda treni, na Kiswahili kilisafiri pamoja nazo. Mtu wa bara aliyesikia santuri ya Siti alisikia lugha hii ikitumiwa kwa ufundi, wala si ya kuamrisha vibarua tu.

DHARAU NA JIBU LAKE

Msidhani kwamba sifa zilimwondolea dharau. Washindani walitunga wimbo wa kumkejeli, wakimkumbusha kwamba aliingia mjini amevaa kaniki, na kwamba bila ile sauti yake asingekuwa mtu. Wimbo huo ulienea mjini, watu wakacheka.

Siti hakupigana wala hakwenda kushtaki. Alijibu kwa wimbo pia. Alieleza kwamba uzuri wa sura na ubora wa ukoo si vya kujivunia, na kwamba kasoro iliyo mbaya ni mtu kukosa akili. Basi. Wale waliomcheka walijikuta wakiuimba wimbo wake, na leo jibu lake linajulikana kwa watu wengi ambao majina ya washindani wake hawayajui kabisa.

MWENZAKE WA MAREKANI

Siti hakuwa peke yake katika dunia. Huko Marekani nako, wajukuu wa watumwa walikuwa wakiimba muziki wa huzuni na ushujaa uitwao bluzi, na wanawake walikuwa mbele. Mmoja wao ni Willie Mae Thornton, aliyezaliwa Alabama mwaka 1926, binti wa mhubiri, na mama yake alikuwa mwimbaji kanisani. Aliimba kwa sauti nene, tena alijifunza mwenyewe kupiga kinanda cha mdomo. Mwaka 1952 alirekodi wimbo wa Hound Dog, ukavuma sana. Lakini mwaka 1956 kijana mzungu, Elvis Presley, aliuimba tena, na wengi wakadhani ni wake. Fedha nyingi zilikwenda kwa wengine. Mama huyo alifariki Los Angeles mwaka 1984, naye si tajiri. Tunawataja pamoja kwa sababu wote wawili walitoka katika watu walionunuliwa na kuuzwa, na wote wawili walipata sauti kabla ya kupata haki.

SIKU ZA MWISHO

Karibu na mwisho wa maisha yake alifikiwa na mwandishi Shaaban Robert, ambaye alizungumza naye ili aandike habari zake. Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa baada ya kifo chake, nao ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Kiswahili kueleza maisha ya mwanamke wa kawaida kwa heshima kamili.

Kazi yake haikuzikwa naye. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mzee sana, alijifunza kwake na kuziimba nyimbo zake mpaka nchi za mbali. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita gazeti lake Sauti ya Siti. Hawakuchagua jina la malkia wala la mke wa mkubwa. Walichagua la mwuza vyungu.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, tuangalie majina tunayowapa watoto, na majina tunayowaita watu wa kazi za chini. Jina la Mtumwa lilikuwa kosa la dunia, halikuwa kosa la mtoto.

Pili, Ali Muhsin anastahili sifa yake. Wengi waliisikia ile sauti barabarani, wakanunua chungu, wakaingia ndani. Yeye alisimama akajitolea kufundisha. Katika mitaa yetu hapa Mirongo, sokoni na kando ya mto, wapo wanawake wanaopita kila asubuhi na mizigo ya dagaa, mihogo na ndizi. Tunajua bei zao. Je, tunajua karama zao? Kwaya zetu na vikundi vya akina mama vinaweza kuanza hapo: kumwuliza mtu jina lake, kumpa nafasi, na kumfundisha hata kama hajui kusoma.

Tatu, mwenye sauti na aitumie kwa ajili ya wasio nayo. Siti alipofika kwenye majumba makubwa hakusahau njia ya kurudi Ng'ambo. Nasi tunaopata nafasi ya kusema mbele ya watu, katika mkutano wa mtaa au katika halmashauri ya usharika, tusiwasahau wale waliobaki nje wakitusubiri tuwasemee.