Kapteni Hore wa Ujiji: Baharia, Baba na Mtu wa Kanisa

Ndugu wana-Kigoma, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Mgeni akifika Ujiji hupelekwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Ataonyeshwa mahali Stanley alipomkuta mzee yule mwaka 1871, atapiga picha, kisha atarudi mjini kula mgebuka. Ni wachache watakaomweleza habari za Edward Coode Hore, ingawa mtu huyu alilitumikia ziwa letu kwa miaka kumi, kutoka 1878 hadi 1888.

Hore alizaliwa London mwaka 1848. Alikuwa baharia mwenye cheti cha unahodha, tena muumini thabiti. Chama cha wamisionari cha London kilipoamua kuja Tanganyika, kilihitaji mtu anayejua vyombo vya majini, na yeye akajitolea. Msafara uliondoka pwani mwaka 1877 na mikokoteni ya ng'ombe, lakini mbung'o waliwamaliza ng'ombe njiani. Ilibidi mizigo ibebwe na wapagazi.

Tarehe 23 Agosti 1878 Hore aliingia Ujiji pamoja na Mchungaji Thomson na fundi Walter Hutley. Kabla ya mwezi kwisha Thomson alifariki. Mwaka uliofuata akafika Dodgshun, naye akafariki baada ya siku chache. Wengi wangefunga virago. Hore alibaki, akaishi na wazee wetu katika mji wa Kiislamu uliokuwa chini ya Mwinyi Heri. Mwanzoni wafanyabiashara walimshuku, maana Ujiji ya wakati ule ilikuwa soko la pembe na la watumwa, na mgeni wa Kizungu hakuwa habari njema kwao. Alichofanya ni kukaa kwa adabu, kutibu wagonjwa alipoweza, na kushughulika na mashua yake.

Kwa mashua hiyo alizunguka ziwa, akipima na kuchora ramani. Wakati huo wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana kama maji ya Tanganyika yana pa kutokea. Mwaka 1879 Hore alifika Lukuga, upande wa Kongo, akaona maji yakitoka ziwani kwa nguvu kwenda magharibi. Aliokota pia makoa ya konokono na kuyapeleka London. Wataalamu walishangaa kuona konokono wa maji baridi wanaofanana na wa baharini. Viumbe hao tunaokanyaga makoa yao ufukweni bila kuwatazama bado wanawaleta wanasayansi Kigoma hadi leo.

Alirudi Uingereza kwa muda, akamwoa Annie Boyle mwaka 1881. Mwaka 1882 akaanza safari ya pili akiwa na mashua ya chuma iliyoitwa Morning Star, imekatwa vipandevipande. Vipande vilipakiwa kwenye mikokoteni iliyovutwa na watu kutoka Saadani hadi Ujiji. Vilifika mwanzoni mwa 1883, vikaungwa hapa hapa kwetu, na mashua ikaingia majini mwaka huo huo.

Annie naye alikuja, na mtoto wao mdogo Jack. Alibebwa kwenye kiti, wapagazi wakipokezana, wakafika Ujiji Januari 1885. Familia ilihamia kisiwa cha Kavala, ng'ambo ya pili ya ziwa, na huko mama huyo akafungua darasa la wasichana.

Mwaka huo huo meli ya Good News, yenye urefu wa futi 54, iliingizwa majini Liendwe, kusini mwa ziwa. Miezi miwili baadaye mhandisi wake, James Roxburgh, alifariki. Meli ilikuwepo lakini mitambo haikuwa imefungwa, ikabidi itembee kwa tanga. Ilimngoja mhandisi mwingine, Alexander Carson, ndipo injini ikafanya kazi. Yaani meli nzima ilisubiri fundi mmoja, kwa sababu ufundi wenyewe haukuwa umefundishwa kwa mtu yeyote wa pwani hii.

Mwaka 1888 familia iliondoka ziwani. Mwaka uliofuata Jack alifariki London, akiwa bado mtoto mdogo. Hore aliandika kitabu juu ya Tanganyika, akaendelea kuitumikia misheni baharini huko Pasifiki, na akafariki Tasmania mwaka 1912.

Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kuuliza nani alilipa. Hore alilipa kwa afya yake na nguvu za ujana wake. Lakini mashua ile ilivutwa kwa mabega ya mamia ya watu weusi, na majina ya walio wengi hayamo katika historia tunazosoma. Mizigo ilihesabiwa, wabebaji wakasahauliwa. Huenda babu wa babu yako alikuwamo. Tukimkumbuka Kapteni, tuwakumbuke na wao.

Ndiyo maana naandika habari hii katika kijitabu cha harambee. Leo boti zinatoka Kibirizi kila siku kwenda vijiji vya mwambao, zikibeba wajawazito, wanafunzi na dagaa. Injini ikizima katikati ya maji, Roxburgh hayupo na Carson hayuko njiani. Anahitajika kijana wetu mwenye spana na elimu ya kuitumia. Fungu la mafunzo ya ufundi katika bajeti ya mwaka huu lina lengo hilo: vijana wetu wajifunze kutengeneza injini za boti hapa hapa ziwani.

Tafadhali, ndugu zangu, jaza fomu ya ahadi, andika jina lako lote, na ulipe kwa wakati. Safari hii kila aliyebeba mzigo ataandikwa kitabuni.

Mungu aibariki Kigoma yetu.