Puskás: Alitua Madrid na kitambi, akatupia mabao manne fainali

MWAKA 1958 Ferenc Puskás alitua Real Madrid akiwa na miaka 31. Alikuwa hajacheza mechi ya mashindano kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mwili wake ulikuwa umezidi kwa kilo 18 hivi. Jamaa hakuficha. Alimwambia rais wa klabu, Santiago Bernabéu, amtazame vizuri kabla ya kumsajili, maana si yule wa zamani. Bernabéu hakujali, akaona kumpunguza ni kazi ya kocha.

Miaka miwili baadaye, huyo huyo aliyedaiwa kuisha alifunga mabao manne katika fainali ya Kombe la Ulaya. Mpaka leo hakuna mwingine aliyefunga manne kwenye fainali ya michuano hiyo akiwa peke yake, ukimwondoa yeye.

Mtoto wa Kispest

Puskás alizaliwa Aprili 1, 1927 jijini Budapest, Hungary, na kukulia Kispest, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani. Baba yake alikuwa mchezaji, kisha kocha wa timu ya hapo hapo. Mwaka 1949 timu hiyo ilichukuliwa na jeshi na kuitwa Honvéd. Puskás naye akapewa cheo, akapanda hadi kuwa meja, ingawa silaha yake kubwa ilikuwa guu la kushoto.

Mwaka 1952 alichukua dhahabu ya Olimpiki kule Helsinki. Novemba 25, 1953 Hungary ikaifunga Uingereza 6-3 pale Wembley, na Puskás alifunga mawili. Mwaka 1954 walifika fainali ya Kombe la Dunia, wakalala 3-2 mbele ya Ujerumani Magharibi. Alimaliza akiwa na mabao 84 katika mechi 85 za Hungary.

Hata enzi hizo hakuwa mwembamba. Alikuwa mfupi, kifua kipana, mapaja mazito, na alipenda kula. Lakini alikuwa anacheza na kufanya mazoezi kila wiki, hivyo alichokula kilikuwa na pa kwenda.

Miguu iliposimama

Mwishoni mwa 1956 Honvéd walikuwa nje ya nchi kucheza na Athletic Bilbao, huku nyumbani vifaru vya Urusi vikizima mapinduzi ya wananchi. Puskás akagoma kurudi. Mkewe na binti yake walivuka mpaka wakamfuata.

Adhabu ikaja. Alifungiwa kucheza, akabaki mkimbizi asiye na klabu, muda mwingi akiishi Italia. Mechi hakuna, mazoezi ya timu hakuna, mawazo tele, na chakula cha Italia mnakijua. Miguu ilisimama lakini mkono uliendelea kwenda mdomoni. Klabu za Italia zilimtazama zikaona mzee mnene, zikampita.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kumsoma Puskás. Hakunenepa kwa sababu ghafla alianza kula kupita kiasi. Sahani ilibaki ya mchezaji wakati yeye hachezi tena.

Mchezaji wa Mpui, kule Sumbawanga Vijijini, anaijua hali hii hata kama hajawahi kuifanyia hesabu. Wakati wa kilimo anaamka na jembe, anashinda kwenye mahindi na maharage, jioni anakimbizana na mpira. Mlima wa ugali anaokula unaungua wote. Mavuno yakishaingia ndani, jembe linapumzika, harusi zinaanza, pombe ya ulezi inapikwa, na mlima wa ugali uko pale pale. Ligi ikirudi, jezi ya mwaka jana inambana tumboni.

Hesabu ya sahani

Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Kilo 18 za Puskás zilikuwa karibu kalori 140,000. Mtu wa kilo 85 akikimbia kilomita 10 anachoma kama kalori 850 tu. Maana yake, bila kugusa sahani, Puskás angehitaji kukimbia kilomita 10 zaidi ya mara 160. Ni zaidi ya miezi mitano bila kupumzika hata siku moja, kwa mzee mzima wa miaka 31 mwenye magoti yaliyobeba mzigo.

Ndiyo maana mazoezi peke yake yanagoma. Mtu anakimbia nusu saa asubuhi, akirudi anajipongeza kwa soda na maandazi matatu, anakuwa amerudisha zote alizochoma. Wapo wanaovaa masweta mawili na nailoni ili watoke jasho jingi. Hayo ni maji. Ukinywa, mizani inarudi ilipokuwa.

Njia inayolipa ni kukata pande zote mbili. Ukipunguza kalori 500 kwenye chakula cha siku na kuchoma 500 kwa mazoezi, unashusha karibu kilo moja kwa wiki, japo kasi hupungua kadiri mwili unavyokuwa mwepesi. Cha kukata ni soda, maandazi, chipsi, pombe na nusu ya ule ugali. Maharage, dagaa na mboga za majani vibaki, kwa sababu mwili ukinyimwa kila kitu unakula misuli, na straika bila misuli hana shuti.

Puskás alibana pande zote mbili. Alipunguza kula, akajitesa mazoezini, na kitambi kikaanza kuondoka. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 21 ya ligi.

Glasgow, Mei 18, 1960

Uwanja wa Hampden Park ulishuhudia Real Madrid ikiichapa Eintracht Frankfurt 7-3. Alfredo Di Stéfano alitupia matatu, Puskás manne. Mwaka 1962 alifunga matatu kwenye fainali nyingine, ila Benfica ya kijana Eusébio kutoka Msumbiji ikashinda 5-3.

Mara nne aliibuka mfungaji bora wa ligi ya Hispania: 1960, 1961, 1963 na 1964. Yote hayo aliyafanya baada ya umri ambao Waitalia walisema amekwisha.

Alistaafu mwaka 1966 akiwa na miaka 39. Akawa kocha, na mwaka 1971 aliifikisha Panathinaikos ya Ugiriki fainali ya Kombe la Ulaya, wakafungwa 2-0 na Ajax. Picha za miaka hiyo zinamwonyesha mnene tena. Mechi zilikuwa zimeisha, na mwili ukarudi kule kule ulikokuwa Italia.

Alikanyaga tena Hungary kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na aliaga dunia Budapest Novemba 17, 2006. Tangu 2009 FIFA hutoa tuzo ya bao bora la mwaka kwa jina lake. Wanaoipokea wengi ni vijana wepesi wenye miguu ya mbio, na jina lililoandikwa juu yake ni la jamaa ambaye mwaka 1958 alionekana hafai hata kukimbia.