Kimathi na Ushindi Usiokamilika

Kila nihadhiripo juu ya lugha na mamlaka, hunibidi nimtaje Dedan Kimathi, na kila mara nagundua kuwa wanafunzi wanaijua sanamu yake iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 kuliko wanavyoyajua maisha yake.

Alizaliwa Nyeri mwaka 1920. Alisoma, akaingia jeshini kwa muda mfupi, akafundisha, kisha akawa katibu wa chama cha KAU huko Thomson's Falls, Nyahururu ya leo. Ukarani huo haukumtoka. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliingia msitu wa Nyandarua na kalamu pamoja na bunduki. Aliandika barua, akaweka kumbukumbu za mikutano, akawapa makamanda wa Mau Mau vyeo. Kwa hilo mimi, mtu wa lugha, namstahi kuliko kwa jingine lolote: jeshi lisilo na kambi alijaribu kulishikamanisha kwa maandishi.

Waingereza walileta ndege za Lincoln zikamwaga mabomu msituni, lakini wapiganaji hawakwisha. Kilichowadhoofisha ni kukatiwa chakula na habari. Aprili 1954, msako wa Anvil ulizoa maelfu ya watu Nairobi; mwaka huo huo ilianza kazi ya kuwahamishia zaidi ya watu milioni moja katika vijiji vya lazima, vilivyozungukwa na mitaro yenye miti iliyochongoka. Kisha Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekisema Kikuyu kwa ufasaha, akawageuza wapiganaji waliotekwa wawe wawindaji wa wenzao. Lugha tena!

Tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi alipigwa risasi, akakamatwa. Alishtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Wapo waandishi wa mambo ya kijeshi wanaoihesabu kampeni hiyo kuwa ushindi. Mimi nasita. Msitu ulitulia, naam. Lakini kambi zilezile zilizotumika kuutuliza ndizo zilizomvua mkoloni haki ya kutawala. Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola, na fedheha hiyo ikafika Bunge la London. Desemba 1963 bendera ya Uingereza ikashushwa. Mwaka 2013 serikali yake ikaridhia malipo ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Mjane wa Kimathi, Mukami, aliomba kwa miaka mingi apewe mabaki ya mumewe ayazike. Alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi.