Bwana wa Juja: Maisha ya McMillan Baina ya Historia na Filamu

Msafiri atokaye Ruiru kuelekea Thika, anapopita Juja na kutupa macho upande wa mashariki, huuona mlima Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wengi huuita Kilimambogo. Katika mteremko wa mlima huo amezikwa William Northrup McMillan. Jina lake wengi hulijua kutokana na maktaba ya Nairobi. Ni wachache wajuao kwamba maisha yake yanatoa mfano mzuri wa namna historia, hususan historia ya vita, inavyobadilika inapotiwa katika filamu.

McMillan alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa St. Louis nchini Marekani, mwana wa tajiri wa viwanda vya mabehewa ya reli. Mwaka 1903 aliongoza msafara wa kuuteremka mto Blue Nile nchini Ethiopia, lakini mashua zake zikavunjikia majini. Baadaye alihamia Kenya, akajipatia ardhi kubwa baina ya Ruiru na Thika, akajenga nyumba na kuliita shamba lake Juja. Alikuwa mtu wa umbo kubwa mno, na ukarimu wake kwa wageni wa Kizungu ulisifika. Ardhi hiyo, hata hivyo, haikuwa tupu kabla ya kuja kwake. Uchumi wa mashamba ya walowezi ulisimama juu ya mgongo wa Mwafrika.

Mwezi Mei 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wa McMillan hapo Juja wakati wa safari yake ya uwindaji. Mpigapicha Mwingereza, Cherry Kearton, alimnasa Roosevelt kwa kamera papa hapa Kenya, na filamu yake ikaonyeshwa mwaka 1910. Lakini alikuwa amekwisha kutanguliwa. Mwaka 1909, William Selig wa Chicago alimvika mwigizaji mavazi ya Roosevelt, akamtafutia simba mzee, na kumpiga simba huyo risasi mbele ya kamera, huko huko Chicago. Filamu hiyo ya uongo ilipata watazamaji tele, ilhali ile ya kweli iliwachosha wengi. Simba wa Kearton hawakuwa tayari kufa kwa wakati uliotakiwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, McMillan aliingia katika Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers akiwa kapteni. Humo walikuwamo pia Kearton na mwindaji mashuhuri Frederick Selous, rafiki wa Roosevelt. Kikosi hicho kilifika Mombasa mwezi Mei 1915, na mwezi uliofuata kilishiriki uvamizi wa Bukoba. Selous aliuawa Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. McMillan alinusurika, na utumishi wake ukamletea hadhi ya Sir.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1993, kikosi hicho kilifufuliwa katika filamu ya televisheni iitwayo The Phantom Train of Doom, iliyopigwa nchini Kenya. Ndani yake, Selous na wazee wenzake wanaitafuta treni ya Wajerumani yenye mzinga mkubwa, na kijana shujaa anamteka kamanda von Lettow-Vorbeck kabla ya kumwachilia. Hadithi inasisimua. Historia inasema vingine: kufikia mwishoni mwa 1916, wakati wa kisa hicho, Wajerumani walikuwa wamekwisha kupoteza reli zao za Tanga na Dar es Salaam, naye Lettow-Vorbeck hakutekwa kamwe, bali alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia.

Kubuni treni si dhambi kubwa. Msanii ana uhuru wake. Upungufu mzito zaidi uko katika kuifanya vita hiyo kuwa mchezo wa wazee wachache jasiri. Vita ya kweli ilibebwa vichwani. Uingereza iliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka Afrika Mashariki na ya Kati, na waliofariki walizidi 95,000. Wengi waliangamizwa na maradhi, hasa kuhara damu, kulikochochewa na unga wa mahindi usioiva vizuri. Kifo cha namna hiyo hakina tarumbeta wala mlipuko, na kwa hiyo mtengeneza filamu hukipita kama asiyekiona.

McMillan alifariki ng'ambo mwaka 1925, mwili wake ukarudishwa Kenya. Husimuliwa kwamba gari lililobeba jeneza lake lilishindwa kuupanda mlima, ndipo akazikwa kabla ya kufika kileleni. Mjane wake alijenga maktaba ya kumkumbuka, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu pekee. Waafrika walisubiri miaka mingi ndipo wakaruhusiwa kusoma humo.

Wapagazi wake hawana kaburi la kuonyeshwa watalii wala maktaba yenye majina yao. Mjini Nairobi, sanamu ya mpagazi imesimama pamoja na za askari katika mnara uliozinduliwa mwaka 1928, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizochongwa hapo. Aidha, jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, lilipita katika vinywa vya watu likawa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Kila siku maelfu huenda katika masoko hayo kununua na kuuza, wakilitaja jeshi ambalo filamu ililisahau.