William Kroll: Jamaa aliyeifanya titaniamu iwe metali ya kazi

Sosiot, kama kwingine Kericho, si ajabu kumkuta mtu aliyeanguka na bodaboda akawekewa “chuma” mguuni. Huenda si chuma, ni titaniamu. Jamaa aliyewezesha metali hiyo itengenezwe kwa wingi anaitwa William Kroll.

Kroll alizaliwa 1889 huko Esch-sur-Alzette, Luxembourg, mji wa viwanda vya chuma. Alisomea Berlin, na 1923 akafungua maabara yake binafsi. Titaniamu ilijulikana tangu 1791, lakini kuipata safi kilikuwa kibarua. Ikipata moto mkali hunyakua oksijeni na naitrojeni hewani, kisha huvunjika ovyo. Kroll aliitumia ikiwa kloridi, akaikutanisha na magnesiamu moto ndani ya gesi ya agoni. Magnesiamu ikanyakua klorini, titaniamu ikabaki kama sponji.

Alibisha milango ya kampuni za Marekani, hazikumjali. Mapema 1940, miezi michache kabla ya Wajerumani kuivamia nchi yake, akahamia huko. Hataza yake ilitolewa mwaka huohuo, lakini vita vikiendelea serikali ya Marekani ikaitwaa. Ilibidi aipiganie kwa miaka. Huku nyuma, watengenezaji wa ndege walikuwa washaanza kuing'ang'ania titaniamu.

Jina lake liko pia kwenye asidi. Titaniamu haili kutu kwa sababu hujifunika ngozi nyembamba ya oksidi. Ukiikwaruza, ngozi hurudi papo hapo. Asidi ya haidrofloriki ndiyo huichuna. Shida ni kwamba, ikitumika peke yake, huruhusu haidrojeni kupenya na kuidhoofisha metali. Ndiyo maana viwandani huchanganywa na asidi ya nitriki nyingi zaidi, kisha metali iliyotoka kwenye tanuri huroweshwa humo hadi magamba yatoke. Maabarani, mchanganyiko wa asidi hizo mbili uliozimuliwa kwa maji mengi hubeba jina la Kroll: hupakwa ili umbile la ndani la metali lionekane kwa hadubini. Si wa kuchezea, kwani haidrofloriki hupenya ngozi yako hadi mfupani.

Kroll alifariki Brussels mwaka 1973. Kwetu, mchanga wenye titaniamu ulichimbwa Kwale kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, ukapakiwa melini ungali mchanga. Kazi yenye pesa, ile ya Kroll, ilifanyiwa kwingine. Wewe unayesoma kemia Sosiot, hapo ndipo pengo lilipo.