Abebe Bikila: Alishinda peku, mwisho mguu ukamgomea

Ukiwataja wakimbiaji wakubwa wa Afrika, huwezi kumruka Abebe Bikila wa Ethiopia. Wengi wanamjua kwa kukimbia peku. Wachache wanajua mguu huohuo ulivyomtoa mbioni.

Alizaliwa 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, akakua akichunga mifugo. Baadaye akajiunga na walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na kocha Onni Niskanen akamnoa.

Roma, 1960. Viatu vipya vilimbana na kumtoa malengelenge, basi akaviacha. Akakimbia kilomita 42 peku na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia.

Tokyo, 1964. Wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, akashinda tena, safari hii na viatu. Kabla yake hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mexico, 1968, aliitaka ya tatu. Wiki moja kabla ya mbio, mguu wa kushoto ukaanza kuuma. Madaktari wakakuta mfupa mwembamba wa chini ya goti umevunjika, wakamwambia apumzike mpaka siku yenyewe. Akaingia hivyohivyo. Kilomita kama 16 tu, akatoka. Dhahabu ikaenda kwa Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde. Ndiyo mbio ambayo Mtanzania wetu John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho, akichechemea na bandeji mguuni.

Mwaka 1969 Bikila alipata ajali ya gari, akapooza miguu. Hakukata tamaa: akashindana kulenga shabaha kwa upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41.

Sasa wewe kijana wa Utete unayejifua kwa ajili ya UMISSETA, kumbuka hili. Mfupa unaogongwa kila siku bila kupumzishwa unaweza kupata ufa hata kama hujaanguka. Waogeleaji nao hawajapona: hawakanyagi chini, lakini kupiga maji kwa miguu mara maelfu huwavimbisha kano za juu ya mguu.

Maumivu yakirudi palepale kila ukianza mazoezi, usijikaze. Pumzika, mwambie mwalimu wako, nenda hospitali. Bikila alikuwa bingwa wa dunia nzima, na mguu haukumsikiliza.